Uso wa Binti, Uso wa Mama

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 48, binti yangu 22. Tulipigwa picha harusini tukiwa bega kwa bega, na tangu niione sina raha: kati ya nyusi zangu kuna mistari miwili kama chale. Binti naye anachukia madoa ya chunusi, tena anataka sindano za paji la uso kabla makunyanzi hayajaanza. Kliniki moja imetupa bei ya mama na binti: kila mmoja Botox, sindano za kujaza mashavu, na leza. Wanataka arbuni kabla ya Jumamosi. Tulipe? Mama wa Mmoja*

Marahaba mwanangu. Arbuni iache kwenye pochi kwanza. Sindano zenyewe hazinitishi. Kinachonikera ni nyuso mbili zilizopishana miaka 26 kuandikiwa dawa moja, na hakuna aliyeziangalia.

Kesho asubuhi kaa karibu na dirisha bila vipodozi, ushike kioo. Kunja nyusi, kisha tuliza uso kabisa. Mstari unaopotea ukitulia ni kazi ya msuli, na hapo ndipo Botox inapofaa: huulegeza msuli kwa miezi 3 hadi 4, halafu unarudi kulipa tena. Mstari unaobaki umeshaingia kwenye ngozi. Sindano itaupunguza, lakini usitarajie iufute.

Sasa binti. Kama paji lake ni laini, kulichoma sindano kila baada ya miezi michache ni kumlipa mlinzi amfukuze mwizi ambaye hajazaliwa. Mashavu nayo ayaache, kwa umri huo yamejaa yenyewe. Shida yake ni chunusi. Zitibiwe hizo, aache kuzitumbua, na kila asubuhi apake mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi, maana jua hukoleza madoa. Leza ndiyo ya kuogopa zaidi kwenu kama ngozi zenu ni nyeusi au maji ya kunde: ikipigwa vibaya huacha weusi zaidi kuliko ule mliokwenda kuuondoa. Muulizeni atakayeishika mashine kama ameshahudumia ngozi kama zenu, na awaonyeshe picha. Akianza kuzungukazunguka, chukueni mikoba yenu.

Wewe una hesabu nyingine. Hedhi ikishakoma, ngozi hupoteza karibu asilimia 30 ya kolajeni yake, ile protini inayoikaza, katika miaka 5 ya mwanzo, kwa hiyo usimalize akiba yote mwaka huu. Anza na kinga ya jua asubuhi, na usiku tretinoini, dawa ya kupaka ya jamii ya vitamini A, utakayoandikiwa na daktari: kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, usiku mara mbili kwa wiki hadi ngozi iizoee, kwani huwasha na kubabua. Miezi 3 ya mwanzo usihesabu kitu. (Binti asiiguse akiwa mjamzito au akipanga kuwa.) Ukitaka na Botox kati ya nyusi, sina ubishi nawe, ila hutulia baada ya wiki 2, usiende jana yake ya sherehe.

Kujaza mashavu, hapo nenda taratibu. Chagua kijazo cha asidi ya hayaluroniki, kwa sababu ipo dawa ya kuiyeyusha, hayaluronidesi, na uulize kama wanayo pale pale chumbani. Sindano ya kujaza ikiingia kwenye mshipa wa damu, ngozi inaweza kufa. Mara chache sana mtu hupofuka. Ukiona ngozi imepauka ghafla, maumivu makali au macho yameingia giza, usisubiri kesho.

Mimi nimeshapita 60. Mashavu yangu yameshuka, na sindano haiinui kilichoshuka. Wenzangu waliojaza wakajaza tena wanaonekana kama wameumwa na nyuki. Kwetu sisi kinachoinua kweli ni upasuaji. Mimi nimeamua kukaa hivi hivi.

Kwa hiyo kamwone daktari wa ngozi, binti naye amwone siku yake. Na kabla ya hapo, mwanangu: mstari wangu wa nyusi ulipungua nilipoacha ubishi nikavaa miwani. Wewe macho ulipima lini?