Minyoo Ndani ya Vibua wa Dukani: Je, Samaki Huwa Haramu?

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh wangu. Ninaishi Morogoro na wanangu wawili pamoja na mavyaa wangu. Mume wangu yuko Mtwara kikazi. Nilinunua kilo tatu za vibua wa barafu dukani, na jioni ya kwanza tukakaanga wawili tukala. Kesho yake nilipompasua mwingine nikakuta minyoo weupe, wembamba kama uzi, wamejiviringa juu ya ini. Mavyaa akanisikilizisha sauti ya ustadhi mmoja inayozunguka kwenye simu, anayesema kwamba samaki mwenye minyoo ni haramu mzima, chombo chake kioshwe mara saba, moja kwa udongo, na aliyemla hatakubaliwa sala siku arobaini. Nimewatupa samaki wote, na sufuria mavyaa ameitoa nje. Dukani wameniambia vitu vya barafu havirudishwi. Ninaogopa kwamba nimewalisha wanangu haramu. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, hukuwalisha wanao haramu, sala zako ni sahihi, na sufuria haina najisi yoyote ya kukutia wasiwasi. Nimeitanguliza hukumu kabla ya dalili kwa sababu maneno yako ni ya mtu ambaye usingizi umempaa, na kwa sababu sauti hiyo imenifikia mimi pia, zaidi ya mara moja, ikiletwa na watu wanaoswali nyuma yangu.

Juu ya uhalali wa samaki mwenyewe hatuna la kubishana. Kinachohitaji jibu ni hoja ya ustadhi huyu, ambaye anaisoma Aya ya 157 ya Suratul Aaraf, kwamba Mtume (s.a.w.) anawaharamishia watu vilivyo vichafu, kisha anauchukua uchafu wa mnyoo na kumpaka nao samaki mzima. Mnyoo ni kitu kimoja na samaki ni kitu kingine. Abu Daud, mkusanyaji wa Hadithi, amepokea kutoka kwa sahaba Anas kwamba Mtume (s.a.w.) aliletewa tende kuukuu, akawa anazipekua na kuwatoa wadudu waliomo. Hatukupokea kwamba aliamrisha zimwagwe, wala kwamba alikiita chombo chake najisi. Na Imamu Nawawi, mwanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, ambaye kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, kimesomeshwa katika misikiti ya mwambao huu tangu enzi za babu zetu, anasema kwamba mdudu azaliwaye ndani ya chakula, kama wa siki au wa matunda, ni halali akiliwa pamoja na chakula hicho, kwa kauli iliyo sahihi zaidi.

Hapo ndipo ustadhi anapoleta hoja yake yenye uzito, na insafu inanilazimu niitaje. Anasema kwamba wanazuoni waliruhusu kwa kudhani kuwa mdudu amezaliwa na chakula chenyewe, ilhali sayansi imeonyesha kuwa mnyoo huyu anatoka nje, kwa hiyo ruhusa imeanguka. Ni kweli kwamba anatoka nje. Wakubwa wake huishi matumboni mwa nyangumi na pomboo. Mayai hutoka na kinyesi kuingia baharini. Viluwiluwi humezwa na wadudu wadogo wa maji wa jamii ya kamba, na kibua akiwala hao humpata mnyoo. Lakini ustadhi ameishika sababu isiyokuwa ndiyo. Wanazuoni walipoieleza ruhusa hii walitaja uzito wa kumtenganisha mdudu na chakula, na kwamba ni kiumbe kisichokuwa na damu yenye kuchuruzika. Mambo hayo mawili yapo kwa mnyoo wa kibua vilevile kama yalivyokuwepo kwa mdudu wa siki. Imamu Ghazali aliandika kwamba nzi au sisimizi akiangukia chunguni na kuyeyukia humo, chakula hakiharamiki, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kudhani kwamba nzi huzaliwa na mchuzi.

Tena ningependa kumwuliza ustadhi kama huwa anakula dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria hupatikana na mnyoo mweupe, bapa kama utepe, ambaye mara nyingine hulijaza tumbo lote, na hakuna nyumba inayopasua dagaa mmoja mmoja. Wanazuoni wa madhehebu yetu waliruhusu samaki wadogo kukaangwa bila kupasuliwa, na wakakisamehe kilichomo matumboni mwao kwa sababu ya uzito wa kukitoa. Angekuwa mkweli kwa kanuni yake, angeanza na sahani yake mwenyewe.

Ama hizo siku arobaini na kuosha mara saba, hapo hakuna hoja, kuna kuokoteza. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, kumekuja kwa chombo alichokiramba mbwa, na madhehebu yetu yakamwambatanisha nguruwe. Kutokubaliwa sala kwa siku arobaini kumepokewa kwa mnywaji wa ulevi na kwa anayemwendea mpiga ramli kumwuliza. Mtu anayezing'oa Hadithi mbili mahali pake na kuzipachika kwenye kikaango cha mama wa watu amebeba dhamana nzito kuliko kula mnyoo.

Upande wa pili wapo wanaosema kwamba kila kilicho ndani ya samaki ni chakula. Hao nao wamezidisha. Ruhusa ni kumla pamoja na chakula, ukishamtoa, mtupe.

Linabaki suala la madhara, nalo ni la dini pia, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) amekataza kudhuru na kudhuriana. Mnyoo huyu akiingia tumboni akiwa hai anaweza kumtia mtu maumivu makali na kutapika. Hufa samaki akiiva mpaka katikati kwa nyuzi joto 60 na zaidi, au akigandishwa kwa nyuzi joto 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Ndimu na siki hazimuui, na jokofu la nyumbani ambalo umeme wake unakatika usilitegemee. Vibua uliowakaanga wakaiva vizuri hawana hofu hiyo. Mtu akivimba midomo au kuwashwa mwili baada ya kula samaki wa namna hii, aende hospitali, kwa sababu wapo wanaodhurika hata na mnyoo aliyekwisha kufa. Ukinunua wengine, wapasue mapema, toa matumbo yote, kisha tazama nyama ya tumbo kwenye mwanga. Ukimwona humo, kata kipande hicho. Wakiwa wengi kiasi cha nafsi kukataa, acha, Mtume (s.a.w.) alimwacha kenge wa jangwani aliyewekwa mezani kwa kuwa hakumzoea, na Khalid bin Walid akamla mbele yake.

Kuhusu duka, minyoo wachache matumboni mwa kibua si kasoro mbele ya wauza samaki, maana ni jambo la kawaida kwao. Wakiwa wameenea kwenye nyama hadi bei ishuke, hiyo ni kasoro, na tangazo la ukutani kwamba vitu havirudishwi halimwondolei mnunuzi haki yake. Muuzaji aliyejua akanyamaza ni kama yule muuzaji aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.), alipotia mkono kwenye lundo la chakula akakuta umajimaji chini, kwamba anayetughushi si katika sisi. Lakini kwa wale uliowatupa baada ya kujua, sioni njia ya kudai. Yasamehe, wala usiyarudie kila usiku.

Na mavyaa wako, usimsomee jibu hili kwa sauti ya ushindi. Aliogopa kwa ajili ya wajukuu zake, na hofu hiyo nimeiona kwa mama yangu mzazi, ambaye alikuwa akimwaga maji ya mtungi mzima kwa sababu ya mdudu mmoja. Mpelekee mume wako, naye ampigie mama yake amweleze kama mtoto anavyomweleza mzazi. Ikiwa atataka sufuria ioshwe mara nyingine, ioshe mbele yake kwa sabuni, bila udongo, kisha umkaribishe achague mwenyewe mboga ya siku hiyo.