Muuguzi Akujibu: Saa 21 unazokopa usingizini

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni karani wa hesabu, nina miaka 29, niko mwaka wa pili chuoni, masomo ya jioni. Naingia kazini saa mbili asubuhi, natoka saa kumi na moja jioni. Darasa linaanza saa kumi na moja na nusu hadi saa mbili na nusu usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, masomo matano. Njiani napoteza kama saa mbili kwa siku. Nikifika nyumbani nakula, nakunywa kahawa, nasoma hadi saa saba usiku, na saa kumi na moja alfajiri niko macho, hata wikiendi. Siku hizi kichwa kinauma, nikilala kifua kinawaka moto, nasinzia mbele ya mkufunzi, na juzi niliingiza malipo ya mteja mmoja kwenye akaunti ya mwingine. Mwenzangu ananipa vidonge vya kukesha, anasema vinamsaidia. Nivitumie? Au niache chuo?
Mchovu wa Mwaka wa Pili

JIBU: Marahaba mwanangu. Vidonge mrudishie mwenyewe leo hii. Dawa ambayo hukuandikiwa na daktari, tena ya kuuchochea mwili usilale, inaweza kukupandisha presha na kukuvuruga mapigo ya moyo, na usingizi utabaki unakudai vilevile. Chuo nacho usiache. Nilisoma digrii yangu nikiwa na zamu wodini, najua unavyojisikia ukikiangalia kitabu saa sita usiku. Lakini kabla ya kuzungumzia mwili, tupige hesabu, kwa kuwa ndiyo kazi yako.

Wiki ina saa 168. Kazini unamaliza 45, njiani 10, darasani 15: jumla 70. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi kila usiku, kwa hiyo weka 49. Kula, kuoga, kufua, usafi, watu wako na ibada, weka saa 4 kwa siku, yaani 28. Zinabaki 21. Sasa wakufunzi wengi hutegemea kwamba kila saa moja ya darasa utaisomea mbili peke yako, na kwako hizo ni 30. Upungufu ni saa 9.

Angalia sasa unachofanya. Unalala saa 4 kila usiku, 28 kwa wiki, kwa hiyo umekopa usingizini saa 21 ili kuziba pengo la saa 9. Zile 12 za ziada zimekwenda wapi? Zimeishia kwenye ukurasa uleule unaousoma mara nne bila kuingia kichwani. Hiyo si akili nzito wala uvivu. Ukiamka saa kumi na moja alfajiri, ikifika saa nne usiku umekuwa macho saa 17. Watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho muda huo hufanya kazi kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 kwenye damu. Wewe saa hiyo ndiyo kwanza unafungua vitabu.

Na usiniambie umezoea. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha mwaka 2003 matokeo ya watu waliolazwa saa 6 tu kila usiku kwa wiki mbili. Umakini wao ulishuka hadi kiwango cha mtu aliyekesha usiku mzima, nao wenyewe hawakuona kama wameharibika kiasi hicho. Hao walilala saa 6. Wewe unalala 4, na unashika pesa za watu.

Kwa hiyo ombi langu ni hili: muhula ujao punguza somo moja. Najua inauma kuwaona wenzako wanatangulia kuvaa joho. Lakini rudia hesabu ukiwa na masomo manne: darasa 12, kujisomea 24, na hesabu inafunga ukiwa umelala saa zako 49 zote. Somo linaweza kusubiri muhula mmoja. Muulize msajili utaratibu na tarehe ya mwisho ya kubadili masomo mapema, na kama una mkopo au ufadhili, uliza kwanza idadi ya chini ya masomo inayokubalika.

Siku za darasa, ukifika nyumbani usifungue kitabu kabisa. Saa nne na robo uwe kitandani, saa kumi na moja na robo amka, soma saa moja kichwa kikiwa kimetulia. Ukiwa njiani kurudi, funika daftari ujiulize mkufunzi amefundisha nini jioni ile; kujikumbusha bila kuchungulia kunashikisha somo kuliko kulisoma upya, na ukilala baada ya hapo ubongo unaendelea kulipanga. Kubukua hadi saa saba kunaikatiza kazi hiyo. Mzigo mkubwa wa kusoma upeleke Jumamosi, Jumapili na ile jioni moja itakayokuwa imefunguka.

Kahawa sikukatazi. Ila kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini. Kikombe cha saa tatu na nusu usiku, nusu yake bado inakuzungusha saa nane na nusu, wakati wewe unadhani umelala. Kikombe cha mwisho kiwe saa nane mchana, na upunguze kidogo kidogo, maana ukiacha ghafla kichwa kitauma zaidi. Mlo mkubwa ule mchana, kisha beba kitu cha kula kabla ya kuingia darasani. Ukirudi usiku kula kidogo sana. Tumbo lililojaa na kulala chali ndivyo vinavyopandisha tindikali kifuani. Kiungulia kikiendelea wiki mbili tatu baada ya kubadili hayo, nenda hospitali. Ukiona choo cheusi au ukatapika damu, nenda siku hiyohiyo. Na presha upime wiki hii hii, usisubiri.

Mazoezi: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Shuka kituo kimoja kabla, utembee kwa haraka dakika 15 asubuhi na 15 jioni, siku tano, umezitimiza.

Mwajiri wako mpe ratiba ya mitihani muhula unapoanza, kwa maandishi, usingoje wiki ya mtihani. Shirika la Kazi Duniani lina mkataba namba 140 wa mwaka 1974 kuhusu likizo ya masomo yenye malipo. Si kila nchi imeuridhia, lakini uliza sera ya ofisi yako inasemaje. Kosa la yule mteja, kama bado halijarekebishwa, litaje mwenyewe kabla halijagunduliwa.

SWALI: Mama, mimi nafanya zamu za usiku na nina vipindi saa nne asubuhi. Nilale saa ngapi?
Mlinzi Mwanafunzi

JIBU: Gawa usingizi mara mbili, mwanangu. Ukitoka zamu usijilazimishe kulala kwa muda wa saa moja na nusu halafu ukimbilie darasani. Pumzika dakika 20 tu, kwa kuwa ukizidisha unaamka mzito. Baada ya kipindi lala saa 5 mfululizo, chumba kiwe giza, simu iwe imezimwa na wa nyumbani wawe wameambiwa. Kabla ya kuingia zamu ongeza saa 2. Muulize mkufunzi kama kuna kundi la mchana, maana hilo lingekufaa zaidi. Na ukitoka zamu unasinzia, usiendeshe gari wala pikipiki.