Yurea ya kuyeyuka taratibu badala ya mashudu ya soya: inafaa hadi wapi?

Mkuu, umeuliza kama yurea iliyofunikwa (chembe zenye naitrojeni zilizovikwa ganda ili ziyeyuke taratibu) inaweza kuchukua nafasi ya mashudu yote ya soya kwa ng'ombe wa maziwa wanaokula mabua na nyasi kavu. Yote, hapana. Sehemu, ndiyo, ila anza kwa kuangalia wanga uliopo kabla ya kuhesabu protini.

Yurea ya kawaida ikifika tumbo la kwanza huvunjwa upesi. Ndani ya saa moja au mbili amonia imefika kileleni. Mabua huchukua saa nyingi kumeng'enywa. Bakteria wa tumboni wanapata amonia wakati hawana nguvu, inayotokana na wanga, ya kuijengea protini, hivyo inaingia kwenye damu, ini linaigeuza tena kuwa yurea, na nyingi inaishia kwenye mkojo. Iliyofunikwa kwa mafuta au polima hutoka kidogokidogo. Faida yake ni kununua muda tu, nishati haileti hata chembe.

Aina nyingi zilizofunikwa zina naitrojeni karibu asilimia 41. Gramu 100 zina naitrojeni gramu 41. Zidisha kwa 6.25 upate gramu 256 za protini ghafi (makadirio ya protini kutokana na naitrojeni, si protini halisi), sawa na gramu 580 hivi za mashudu yenye protini asilimia 44. Hapa ndipo wengi huharibu: wanatoa gramu 580, wanaweka 100, kisha wanashangaa maziwa yanapungua. Pengo la gramu 480 lijazwe kwa mahindi yaliyosagwa au molasi. Mashudu pia yalileta fosforasi na salfa, na yurea haina hata kimoja. Kwa salfa, kadiria gramu 1 kwa kila gramu 10 za naitrojeni uliyoongeza, yaani gramu 4 hapa. Usizidishe, salfa nyingi hudhuru ubongo wa mnyama.

Yurea yote, pamoja na ile ya kwenye jiwe la kulamba (hiyo husahaulika sana), isipite asilimia 1 ya uzito mkavu (bila maji) wa chakula cha siku. Kwa anayekula kilo 15 kavu ni gramu 150, nami ningeishia 100. Wiki ya kwanza mpe gramu 30, ya pili 60, ya tatu 100. Akikosa siku kadhaa, anza upya.

Usiisage wala kuipitisha kwenye mashine ya peleti. Ganda likipasuka umebaki na yurea ya kawaida bila kujua. Ikoroge kwanza na kilo mbili za pumba, kisha iingie mwisho kwenye mchanganyiko mzima. Soya mbichi isiwemo, ina kimeng'enya kinachoivunja yurea. Gunia likinuka amonia, limeshapata unyevu.

Ndama ambaye bado hajaanza kucheua vizuri, nguruwe na farasi wasipewe.

Mnyama akitoa mate mengi, akitetemeka, akiyumba na tumbo kujaa gesi muda mfupi baada ya kula, ondoa chakula na mwite daktari wa mifugo mara moja. Ng'ombe mkubwa hupewa siki lita 2 hadi 6 pamoja na maji baridi lita 20 hadi 40 kwa mpira wa tumboni. Aliyeanza degedege usimnyweshe kwa chupa, itaingia kwenye mapafu.