Re: Mbona upasuaji wa kujifungua wa dharura unauma kuliko ule wa kupangwa?

Hongera kwa mtoto, dada, na pole. Unauliza kwa nini mara hii, uliposhikwa na uchungu usiku kucha kisha ukakimbizwa thieta, mshono unakutesa kuliko ule wa kwanza uliopangwa. Nimepitia yote mawili hapa Nairobi, na wa dharura ndio ulionilaza. Mwili unaingia thieta ukiwa umeshachoka. Tena kama ulilazwa usingizi kabisa badala ya sindano ya mgongo, unaamka bila ganzi ya kukusitiri saa za kwanza.

Kwanza angalia unavyomeza dawa. Wengi wetu husubiri maumivu yapande ndipo tutafute paracetamol. Meza kwa saa: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku. Ibuprofen haikatazwi ukinyonyesha, ila muulize daktari kama una vidonda vya tumbo, presha au shida ya figo. Tramadol, dawa kali ya maumivu, ya kupewa na jirani, iache.

Kuamka: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Ukikohoa, kandamiza mto tumboni. Na hao wanaosema unadeka, wapande ngazi za magorofa ya mtaa wa Pipeline hapa Nairobi na mshono tuone.

Ila maumivu yakizidi badala ya kupungua, joto likifika 38, mshono ukitoa usaha, damu ikilowesha pedi nzima kwa saa moja, au shavu la mguu mmoja likivimba, rudi hospitali leo hii. Usingoje kliniki ya wiki 6.