Mama yako haungui kwa kukosa pesa ya misa

Dada uliyeuliza kama mama yako anateseka toharani, huko marehemu wanakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, kwa sababu hamjapata pesa ya misa, pole sana. Umenirudisha kwenye matanga ya baba, hapa Goma.

Mzee mmoja wa ukoo alituambia tusipolipia misa nyingi, baba atabaki motoni. Mimi niliiona lava ya volkano ya Nyiragongo ikiingia mjini Januari 2002, ikala hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Niliposikia neno moto, nilimwona baba ndani ya ule mto mwekundu. Usingizi ulinipotea.

Aliyenitua mzigo ni katekista wa jumuiya yetu. Alinikuta mlangoni nanawa miguu, nimetoka shamba, vumbi jeusi hadi magotini. Akauliza, "Unanawa ili mama yako akukubali?" Nikasema hapana, hapa ni kwetu. "Basi baba yako naye yuko kwao. Ananawa."

Katekisimu, kitabu cha mafundisho ya Kanisa Katoliki, namba 1030, ndiyo inayosema hivyo: walioko toharani wamekufa katika neema ya Mungu, wokovu wao ni hakika, wamebakiza kutakaswa. Hakuna anayetoka huko kwenda jehanamu. Wala si nafasi ya pili ya kutubu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1563, ulifundisha kwamba toharani ipo na kwamba sala zetu, hasa misa, zinawasaidia walioko. Ukali wa moto haukuupima. Tena uliwaagiza maaskofu wakataze kila kinachonuka tamaa ya pesa katika jambo hili. Yule mzee wetu angelijua hilo!

Sadaka ya misa si bei. Kanuni ya 945 ya Sheria ya Kanisa inawahimiza mapadri kuadhimisha misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata bila kupokea kitu. Mwone padri, mwambie wazi hamna kitu. Na kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi na kuombea marehemu, unaweza kumpatia mama rehema kamili, yaani kuondolewa adhabu yote iliyobaki ya dhambi, ukiungama, ukikomunika na kusali kwa nia za Baba Mtakatifu. Hapo hakuna faranga inayodaiwa.

Mimi na baba tuliachana tumegombana juu ya kiwanja. Kila tarehe 2 Novemba nang'oa majani kati ya mawe ya lava juu ya kaburi lake, namwambia habari za kile kiwanja, kisha nasali Baba Yetu polepole. Wewe anza leo usiku, hapo hapo ulipo.