Bomba halijafika, haki haijafika

Swali la wiki hii lilikuwa: maji yawe haki ya umma au bidhaa ya soko? Moyoni nilijibu papo hapo kwamba ni haki. Kazi ikawa kueleza ninaposema "haki" nakusudia nini.

Soko silikubali katika jambo hili, na sababu yangu ni rahisi. Sokoni mnunuzi akiona bei imemshinda huenda kwa muuzaji mwingine, au hurudi nyumbani mikono mitupu na maisha yakaendelea. Mwenye kiu hawezi. Muuzaji naye hana mshindani, maana hakuna mji unaotandaziwa mabomba mara mbili ili wakazi wachague. Bomba ni moja, na aliyelishika ameshika kila kaya.

Watu wa Cochabamba, Bolivia, waliyaonja haya. Mwaka 1999 huduma yao ya maji ilikabidhiwa kampuni ya Aguas del Tunari. Bei zikapanda, watu wakaingia barabarani, na Aprili 2000 mkataba ukavunjwa. Sisi tunaotetea haki ya maji tunapenda kuisimulia habari hii na kuishia hapo. Lakini tuendelee kidogo. Maji yalirudi mikononi mwa umma, na bado vitongoji vingi vya kusini mwa mji, wanakoishi watu wa kipato cha chini, viliendelea kwa miaka kununua maji ya maboza. Kampuni ilikuja ikaondoka, bomba halikufika.

Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika mjadala huu. Asiye na bomba yuko sokoni tayari, tena soko baya kuliko yote. Anapimiwa kwa ndoo, na mara nyingi kila lita humgharimu kuliko inavyomgharimu mwenye bomba ndani ya nyumba. Serikali ikipunguza bei ya maji ya bomba, nafuu inapita ndani ya bomba hilohilo na kuishia kwa aliyenalo. Na maji ni mazito. Shirika la Afya Duniani limewahi kueleza kuwa mtu anahitaji kati ya lita 50 na 100 kwa siku. Familia ya watu watano, kwa kiwango cha chini kabisa, ni lita 250, yaani kilo 250 za kubebwa kila siku, na katika nyumba nyingi wabebaji ni akina mama na binti zao. Mvua haina bei. Kuyasafisha maji na kuyafikisha mlangoni ndiko kwenye gharama. Shirika la umma lisilo na fedha halinunui dawa ya kutibu maji, halizibi mabomba yanayovuja wala halipeleki bomba mtaa mpya. Kwa hiyo anayeahidi maji ya bure kwa kila mtu na kwa kila matumizi, mimi namwogopa pia.

Julai 28, 2010 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliyatambua maji kuwa haki ya binadamu, kwa kura 122, bila hata moja ya kupinga, nchi 41 zikijizuia. Nilifurahi. Ila Afrika Kusini ilikuwa na haki hiyo katika Katiba yake ya 1996, na huko Phiri, Soweto, zikafungwa mita za kulipia kabla: lita 6,000 za bure za mwezi kwa kila kaya zikiisha, na hujanunua mengine, maji yalikuwa yanakatika. Wakazi walikwenda mahakamani. Mahakama ya kwanza ilisema kila mtu apewe lita 50 kwa siku, ya rufaa ikasema 42, na Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba ikaamua kuwa lita 25 za sera ya jiji zinaridhisha na mita zile ni halali. Hukumu hiyo siikubali hadi leo. Mwenye kudaiwa bili hupewa notisi, hujieleza, huomba muda. Mita haisikii kwamba ndani kuna mtoto anaharisha.

Kwangu haki ni lita 50 za kwanza za kila mtu zisizokatwa kwa deni lolote. Kinachozidi hapo kilipiwe, na bei ipande kadiri matumizi yanavyopanda, ili mwenye bwawa la kuogelea achangie bomba la asiye na tone. Hesabu ziwe wazi. Paris walipoyarudisha maji kwa umma mwaka 2010, wawakilishi wa watumiaji waliwekwa kwenye bodi, na mwaka uliofuata bei ikashushwa kwa asilimia 8. Kweli, Paris mabomba yalikuwa yamekwishatandazwa kote.

Kwingine ningeanza na ada ya kuunganishwa. Familia nyingi zingemudu bili ya kila mwezi, ila fedha ya mkupuo ya kuvuta bomba hadi nyumbani hazina. Ada hiyo ifutwe, au igawanywe kidogokidogo ndani ya bili kwa miaka kadhaa, na bomba lifike kwanza.