Mafia bila mpango, mimi na waifu

Kaka unauliza kama mtu anaweza kubeba mke wikiendi hivihivi bila kubuku na si lazima iwe Zanzibar, inawezekana kabisa, sisi Ijumaa tulikuwa Mbagala Rangi Tatu tukaamua tu, gari mpaka Nyamisati halafu boti hadi Kilindoni, kisiwani Mafia, ila boti inafuata maji kujaa na kupwa kwa hiyo saa ya kuondoka usiikariri, sisi tulikaa bandarini tukila mihogo mpaka wife akaanza kuninunia 😂. Rumu tulipata kwa kuuliza tu bodaboda. Kama ni kati ya Oktoba na Februari nendeni mkamwone papa potwe, lisamaki likubwa kama basi ila halina noma, linakula vidudu vidogo vya majini, unaogelea pembeni yake kabisa, mimi niliogopa mke wangu ndo akaruka wa kwanza. Kutoka kijiji cha Utende mnavuka kidogo tu hadi kisiwa cha Chole, kuna magofu ya zamani na popo wale wakubwa. Kiingilio cha hifadhi ya bahari kinalipwa kwa siku, ulizia kwanza. Na beba keshi.